Mgeni Nyumbani kwa Don Arnulfo

Kwa miaka mitatu Nereida Bazán alikuwa amewapeleka wageni kila pembe ya bonde la Oaxaca, isipokuwa kijiji alichozaliwa. Aliwapandisha ngazi za Monte Albán mpaka magoti yakawauma. Aliwapeleka Mitla wakapapasa kuta zilizochongwa na watu wa kale, na San Bartolo wakanunua vyungu vyeusi vinavyong'aa kama viatu vya bwana harusi. Walipotaka mazulia ya sufu, alifika njia panda akakata kulia, akawapeleka kwa wafumaji wa kijiji cha jirani. Kushoto kulikuwa na kibao kikubwa kilichoandikwa Santa Rufina. Akikikaribia kibao hicho alianza kueleza chochote kilichokuwa upande wa pili, hata kama ni shamba la mkonge na punda mmoja.

Jumanne moja alikuwa na wageni watatu tu kwenye kigari chake, wote watu wa Monterrey. Don Evelio alikuwa amestaafu biashara ya matairi, mtu wa kitambi na sauti kubwa, na kofia aliyoinunua jana yake ilikuwa bado na karatasi ya duka. Mkewe, Doña Magda, alikuwa mpole, kazi yake kumbebea mumewe maji, dawa na miwani. Wa tatu alikuwa Doña Chela, dada yake Magda, mjane ambaye hakipiti kitu mbele ya macho yake bila yeye kukisemea.

Asubuhi walikuwa wameanzia Tule, kwenye ule mti mnene ambao watu thelathini wakishikana mikono ndipo wauzunguke. Don Evelio aliutazama juu, akautazama chini.

"Si mbaya," akasema. "Lakini kwetu Monterrey tuna mlima."

"Shemeji, mlima si mti," Doña Chela akamjibu, huku akinywa juisi ya tikiti maji kwenye kikombe kikubwa kama ndoo ya mtoto.

Safari ilikuwa iendelee Mitla, kisha Hierve el Agua, maporomoko ya maji yaliyogeuka mawe. Lakini hawakufika mbali. Barabara kuu ilikuwa imefungwa kwa magogo. Chini ya turubai waliketi wanawake na wazee wakila tortila, chapati za mahindi, kwa maharage, na bango lao lilisema wanataka maji. Nereida hakushtuka, maana katika jimbo lile siku ambayo hakuna barabara iliyofungwa ndiyo ya kushangaza. Alishusha kioo.

"Mama, mnafungua saa ngapi?"

"Tukisikilizwa, binti yangu," akajibu mama mmoja, akipangusa mdomo. "Labda jioni. Labda keshokutwa. Lakini ninyi mna haraka gani? Piteni Santa Rufina, mtatokea mbele kule."

"Ile njia si ni mbaya?"

"Ilikuwa mbaya. Wameitia lami mwaka jana. Laini kama shavu la mtoto."

"Umesikia? Lami!" Don Evelio akajipiga magotini kwa viganja. "Twende basi, unangoja nini?"

Nereida angependa kusema kwamba gari limeharibika, au kwamba Santa Rufina kuna tetemeko la ardhi. Badala yake akageuza gari, akarudi mpaka njia panda, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akashika njia ya Santa Rufina.

Mpango wake ulikuwa kuvuka kijiji kwa mwendo wa mtu aliyechelewa kanisani. Na angeweza, kama si ile juisi ya tikiti. Walikuwa wamefika mtaa wa kwanza tu Doña Chela akainama mbele.

"Binti, choo kiko wapi?"

"Tutakipata mbele kidogo, Doña Chela."

"Mbele mimi sifiki."

Na mtaa wenyewe ukawa umezibwa. Kundi la bata mzinga lilikuwa limesimama katikati ya njia, na mwenyewe hakuonekana. Nereida akapiga honi, bata wakamwangalia kwa dharau. Alipogeuka nyuma, mlango wa gari ulikuwa wazi, na Doña Chela alikuwa amekwisha shuka, anatembea kwa hatua ndogondogo za haraka kuelekea lango la bluu lililokuwa wazi.

Kati ya malango yote ya Santa Rufina, akachagua lile.

Lilikuwa lango la Don Arnulfo Bazán, mfumaji, baba yake Nereida. Miaka mitatu nyuma, ndani ya ua ule, baba na binti waligombana. Wakati huo watalii walikuwa wameanza kumiminika, na Don Arnulfo alitaka binti yake asuke nywele kwa utepe, avae sketi ya sherehe kila siku na kupiga magoti kwenye jiwe la kusagia ili wapigwe picha. Nereida akasema yeye si picha ya ukutani, na kwamba kama ataongea na wageni basi ataongea amesimama. Baba akamwambia mtu anayeishi kwa kuuza maneno ni kasuku, aende zake, na asimletee hata mgeni mmoja mlangoni. Binti akaenda. Wote wawili walikuwa watu wa neno lao, na hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Mama yake, Doña Amparo, hakuwa mtu wa neno lake hata kidogo. Aliapa pamoja na mumewe kutomtafuta binti, na kila Jumapili alimkuta sokoni Tlacolula, wakala nyama ya kondoo na kucheka mpaka mchana.

"Sasa tufanye nini, tumngoje hapa?" akauliza Doña Magda.

"Tuingie!" akasema Don Evelio. "Si hawa ndio wafumaji? Na mazulia yale pale, yametundikwa."

Wakaingia. Nereida akaingia nyuma yao, ameshusha kofia hadi kwenye nyusi.

Don Arnulfo alikuwa ameketi kwenye mtambo wake wa kufumia, miguu juu ya pedali za mbao. Mwembamba, masharubu meupe, pua ndefu iliyopinda kidogo kulia. Akainuka, akavua kofia kwa Doña Magda, akampa mkono Don Evelio. Kisha akamwona wa tatu. Mkono wake ukabaki hewani.

Nereida akangoja kufukuzwa.

"Karibu, señorita," baba yake akasema, taratibu na kwa adabu kubwa, kama anavyoitwa binti wa watu. "Ni mara yako ya kwanza Santa Rufina?"

Damu ikampanda usoni. Alimjua huyu mzee. Kufukuza mgeni ni aibu, na kumpokea binti ni kushindwa, kwa hiyo ameitafuta njia ya tatu. Basi, kama ni mchezo, naye anaujua.

"Ndiyo, bwana," akajibu. "Nimesikia tu sifa. Kijiji kizuri. Na watu wake wakarimu, wanasema."

"Unatoka wapi?"

"Mjini."

"Aa, mjini. Mbali huko." Kutoka pale hadi mjini ni mwendo wa kusikiliza nyimbo sita kwenye redio. "Ndiyo maana hatujawahi kukuona."

Doña Amparo akatokea jikoni, mikono yote imejaa unga wa mahindi. Alipomwona bintiye alifungua mdomo, na mumewe akamuwahi.

"Amparo, tumepata wageni. Hatuwajui, lakini tuwakaribishe."

Doña Amparo akamtazama mume, akamtazama binti, akaelewa yote. "Karibu, mgeni," akasema kwa sauti nyembamba. Akampita Nereida karibu sana na kumfinya kiunoni. "Umekonda tangu juzi," akanong'ona.

Doña Chela akarudi kutoka chooni akiwa mtu mwingine, anatabasamu, anamshukuru kila mtu. Akamtazama Don Arnulfo. Akamtazama Nereida. Akakaa kwenye kigoda bila kusema neno, jambo ambalo dada yake angelishangaa kama asingekuwa anashughulika na miwani ya mumewe.

Don Arnulfo akaanza maonyesho yake. Akawaletea kipande cha mpungate kilichotapakaa vidoti vyeupe kama vumbi la unga.

"Hawa ni wadudu," akasema. "Wanaishi humu, wanakunywa maji ya mpungate, na damu yao ndiyo rangi. Señorita, naomba kiganja chako."

Nereida akanyoosha mkono. Mzee akachomoa wadudu wachache, akawaponda kwa kidole gumba kwenye kiganja cha binti yake, na wekundu mzito ukatoka, wekundu wa divai. Akakamua ndimu juu yake, ukageuka rangi ya chungwa. Akatia unga wa chokaa kidogo, ukawa zambarau. Doña Magda akapiga kelele za furaha.

"Kiganja laini," Don Arnulfo akasema, bado amekishika. "Cha mtu asiyefanya kazi."

"Nafanya kazi, bwana. Naendesha gari na kuwaeleza watu mambo."

"Kueleza. Na hiyo ni kazi?"

"Inategemea. Kuna watu ukiwaeleza tangu unazaliwa, miaka ishirini na minane, hawasikii."

Kutoka jikoni kilisikika kicheko kilichozibwa kwa nguo.

Don Evelio, ambaye hakuwa amesikia lolote zaidi ya maneno yenyewe, alikuwa akilikagua zulia kubwa lenye mistari iliyopanda na kushuka. "Na hii mistari, mzee, ina maana gani?"

Don Arnulfo akajikohoza. "Hii, bwana, ni safari ya roho. Mwanadamu anapanda, anashuka, anakufa, anazaliwa upya katika umilele wa..."

"Samahani," akasema Nereida. "Hayo bwana uliyasikia wapi?"

"Ni siri ya mababu."

"Siri! Mimi nilisikia ni vilima tu. Kwamba mfumaji akikaa hapo alipo akiinua macho, anaona vilima vile, basi anavifuma."

Wote wakageuka. Juu ya ukuta wa ua, kweli, vilima vilikuwa vimejipanga, vikipanda na kushuka, kijivu na kijani, vilevile kama kwenye zulia.

"Loo!" akasema Doña Magda. "Vilima ni vizuri zaidi. Mimi hiyo roho ilinitisha."

"Vilima nakubali," akasema Don Evelio. "Kwetu Monterrey..."

"Tunajua, shemeji," akasema Doña Chela. "Mna mlima."

Don Arnulfo alimwangalia binti yake kwa jicho la mtu aliyepigwa bao nyumbani kwake. Kisha akasogea pembeni, akaonyesha benchi la mtambo.

"Wageni hupenda kujaribu," akasema. "Wengi hawawezi. Karibu, señorita."

Nereida angeweza kukataa. Akavua kofia, akakaa. Benchi lilikuwa limechongoka palepale alipolijua, na pedali ya kushoto bado ilikuwa inalia. Akakanyaga, nyuzi za mtande, zile za urefu, zikaachana, akapitisha uzi wa rangi. Akakanyaga tena, akausukuma chini kwa chanuo. Mara ya tatu mikono ikaanza kwenda yenyewe, kushoto kulia, kushoto kulia, na kilima kidogo kikaanza kuota katikati ya zulia la baba yake.

"Magda! Magda, njoo uone!" Don Evelio akapaza sauti. "Ndio kwanza ameketi, na anafuma kama mzaliwa! Mzee, wewe ni mwalimu wa ajabu! Hata hujamfundisha na amekwisha jua!"

Masharubu ya Don Arnulfo yalitetemeka. Alijaribu kuangalia kwingine, mikono nyuma, akaangalia juu, akaangalia bata mzinga aliyekuwa amechungulia langoni. Lakini macho yalirudi kwenye uzi. Nereida alikuwa anaharakisha, amekaza bega, na ukingo wa zulia ulikuwa umeanza kuvutika ndani. Mfumaji yeyote angeumia kuona vile. Mzee alivumilia mstari mmoja. Alivumilia wa pili.

"Neri, legeza mkono!" akafoka. "Tangu una miaka saba nakwambia, unaubana uzi kama unamkaba kuku!"

Pedali ikaacha kulia.

"Haya," akasema Doña Chela, akijipepea. "Mchezo umeisha? Maana mimi tangu nimetoka chooni naona pua mbili zinazofanana, nikadhani ni ile juisi."

"Pua gani?" akauliza Don Evelio. "Nini kimetokea?"

"Huyu ni binti yake, Evelio," akasema mkewe kwa upole.

"Binti wa nani?"

Don Arnulfo alikuwa amekaa kwenye ukingo wa benchi, kando ya binti yake, mikono mitupu magotini. Alipoongea, aliongea Kizapoteki, lugha ya nyumbani, na wageni wakaelewa kwamba hayo hayakuwahusu.

"Nakiona hicho kigari chako," akasema. "Nikiwa kule kwenye mahindi nakiona. Kinakuja mpaka njia panda, kinasimama kidogo, kisha kinaelekea kwa wale wa upande wa pili. Kila wiki."

"Ulisema nisikuletee mtu."

"Siku ile nilisema mambo mengi, Neri. Nilisema usiondoke. Nilisema ule kwanza. Katika yote hayo ukachagua kutii hilo moja?"

Nereida alitaka kucheka, akashindwa. Macho yalimjaa, akajipangusa kwa kiganja kile chenye rangi, na shavu zima likawa zambarau. Baba yake akatoa kitambaa mfukoni, akakitazama kama ni kisafi, akaanza kumfuta, na akazidi kuisambaza rangi.

"Acha, baba. Unaongeza."

"Tulia. Una uso kama zulia la majaribio."

"Ulinikosea kuniita kasuku."

"Nilikukosea." Akafuta tena. "Ingawa kasuku ni ndege mzuri."

"Baba!"

"Na mimi," Doña Amparo akaita kutoka mlangoni, kwa Kihispania ili kila mtu asikie, "ninachosema ni kwamba chakula kinapoa!"

Wakala palepale uani. Kulikuwa na tamale za unga wa mahindi na maharage zilizofungwa kwa majani ya parachichi, jibini, na bakuli la panzi waliokaangwa kwa ndimu na pilipili. Doña Magda alionja panzi mmoja kwa woga, akaonja wa pili, kisha akalivuta bakuli lote mbele yake. Mumewe aliwakumbusha kwamba kwao wanakula mbuzi, mnyama mwenye miguu minne tu. Doña Amparo hakujizuia tena. Kila alipopita alimbusu binti yake kichwani, mara ya mwisho akiwa amebeba sufuria.

Doña Chela akalinunua lile zulia la vilima lililotundikwa. Kisha Don Evelio akakumbuka.

"Na yale maporomoko? Bado tunaweza kuyawahi? Mzee, yanafaa kwenda kuonwa, au ni mambo ya matangazo tu?"

Don Arnulfo akashughulika sana na kumenya chungwa. "Wanasema ni mazuri."

"Wanasema nani? Wewe unasemaje?"

"Mimi sijafika."

"Hujafika! Si yapo hapo nyuma ya hivyo vilima?"

"Ndiyo, yapo hapo kila siku," akasema mzee. "Ndiyo maana. Kila mara najiambia nitakwenda siku nyingine."

Nereida alimwangalia baba yake. Hakuwahi kulifikiria hilo. Aliwapeleka Wajapani, Wajerumani, watu wa Monterrey, wakaja na kamera zao na kushangaa. Na hawa wawili waliomzaa walikuwa wamezeeka chini ya kilima kilekile bila kuvuka upande wa pili.

"Gari lina nafasi," akasema.

"Nina sufu ya kuosha," akasema Don Arnulfo.

Lakini Doña Amparo alikuwa amekwisha vua aproni, amejitupia shali yake ya rebozo mabegani na kufunga jiko. "Kiti cha mbele ni changu," akasema, akatoka nje kuwafukuza bata mzinga.

Njiani Nereida alipaswa kueleza. Ndiyo kazi yake. Lakini kwenye kioo aliyaona masharubu meupe kiti cha nyuma, na maneno aliyoyajua kama jina lake yakamkauka. Alionyesha magofu ya Yagul akasema, "Haya ni magofu," basi. Alionyesha kanisa akasema, "Kanisa."

"Leo umechoka, binti?" akauliza Don Evelio. "Asubuhi ulikuwa unaongea vizuri sana. Nilimwambia Magda, huyu angeweza kuuza matairi."

Kisha sauti ya baba yake ikatoka nyuma, na safari hii haikuwa ya mchezo.

"Endelea, Neri. Tunasikiliza."

Akaendelea. Mwanzo kwa kusitasita, halafu kama alivyofuma, mdomo ukaanza kwenda wenyewe. Walipofika Hierve el Agua jua lilikuwa limeshuka, na mwamba ulionekana kama mto mkubwa uliokuwa ukiruka kutoka kilimani, kisha ukaambiwa simama, ukasimama. Aliwaeleza jinsi maji yanavyobubujika kidogokidogo kutoka ardhini yakiwa yamebeba chokaa, na kila tone likipita linaacha punje isiyoonekana, tone kwa tone, zama kwa zama, mpaka ukuta mzima wa mawe ukaning'inia hewani kama sufu mbichi kwenye kamba. Aliwaonyesha mifereji midogo ya mababu, waliomwagilia mashamba yao kwa maji haya kabla hapajakuwa na lami wala watalii. Kundi jingine la wageni lililokuwa jirani, ambalo kiongozi wake alikuwa anaongea na simu, lilianza kujisogeza upande wake.

Kijana mmoja mrefu alisimama mbele kabisa, ameinua kamera.

"Bwana, sogea kidogo," Don Arnulfo akamwambia, akimgusa kiwiko. "Unanizibia. Yule ni binti yangu, anaeleza."

Doña Amparo alikuwa amekwisha vua viatu, ameketi ukingoni mwa dimbwi na Doña Magda, sketi magotini, wakipiga maji kwa miguu kama wasichana. Don Evelio alikuwa amesimama pembezoni mwa mwamba, ameshika kofia isipeperuke. Bonde lote lilikuwa chini yake, bluu mpaka mwisho wa macho. Doña Chela akamsogelea.

"Vipi, shemeji? Na mlima wenu?"

"Niache kidogo, Chela," akasema. "Natazama."

Wakati wa kurudi kila mtu alikuwa na uchovu mzuri. Don Arnulfo alikuwa na suruali iliyolowa hadi magotini, ameegemeza kichwa kwenye kioo. Nereida alidhani amelala.

"Neri. Na bahari ni mbali?"

"Siku hizi si mbali, baba. Kuna barabara mpya mpaka pwani. Hujawahi kuiona?"

"Nimeiona kwenye kalenda."

"Jumamosi sina wageni."

"Jumamosi nina sufu ya kuosha."

"Jumamosi anakuja," akasema Doña Amparo kutoka kiti cha mbele, bila kugeuka. "Na mimi nitapika tamale za njiani. Chela, kwani ninyi mnarudi lini Monterrey?"

"Ijumaa," akasema Doña Chela. Akafikiri. "Lakini tiketi si zinabadilishwa?"